Mama Georgine na Mbinzo Zake

Jirani yangu Mama Georgine ameuza mbinzo, viwavi vilivyokaushwa, sokoni Kisangani tangu ujana wake. Zamani muuzaji alitenga kwanza chakula cha nyumbani, ndipo akauza, na miili yetu ilikuwa imara. Siku hizi anauza vyote, anakula mikate ya kukaangwa na chai ya sukari. Tumbo limekua, miguu imelegea.

Nilimwonya: "Mwili ukikosa asidi amino za kujengea misuli, njaa haiishi, mafuta yanajaa."

Akanicheka: "Papa Liévin, na vitabu vyako! Mbinzo iko chakula ya bakoko, ya wazee wa zamani. Mie niko mama ya mujini."

Jumapili alishindwa kupanda ngazi za kanisa. Leo nimemkuta nyumbani kwake akichemsha viwavi vya kuuza, sahani yake mwenyewe ikiwa mezani. Mteja akabisha hodi akiulizia mbinzo.

"Imeisha, mama," Mama Georgine akamjibu, akaongeza chumvi kwenye sufuria yake.