Shati la Mkono Mmoja

Kabla sijafunga turbo, pikapu yangu ilikuwa inamaliza mita mia nne kwa sekunde ishirini na nne. Baada ya kufunga turbo ikawa inamaliza kwa ishirini na sita. Nayasema haya mapema ili wa kucheka wacheke, tuendelee.

Mimi ni fundi magari hapa Nachingwea. Gereji yangu ina bati upande mmoja na turubai upande wa pili, na kwa miaka kumi na moja nimekuwa nikishindana na mtani wangu wa Ruangwa. Mimi Mmwera, yeye Mmakua, na kwa utani huo ana ruhusa ya kuniambia lolote mbele ya yeyote, hata msibani, nami sina haki ya kununa. Yeye ni dereva wa pikapu yake mwenyewe. Anabeba ufuta, anabeba mihogo, na akiombwa vizuri anabeba hata maharusi. Gari lake ni la zamani kuliko langu, lina rangi tatu, mlango wa kushoto unafungwa kwa kamba, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kulishinda hata Jumamosi moja.

Tunakimbilia kwenye kipande cha barabara ya zamani upande wa Nambambo, kilichoachwa pembeni barabara mpya ilipochongwa. Kimenyooka, hakina nyumba, na wapitao ni mbuzi tu. Tulikipima wenyewe kwa kamba ya fundi mwashi, tukaweka jiwe lililopakwa chokaa kila mwisho. Hatukimbii wawili kwa pamoja, maana hatujawa wendawazimu kiasi hicho. Anakimbia mmoja, mwingine anasimama kwenye jiwe la mwisho na simu mkononi. Dereva akiwasha taa, mwenzake anaanzisha saa. Gari likipita jiwe, anaisimamisha. Aliyeshindwa anasikiliza maneno mpaka mshindi achoke, na mtani wangu hachoki upesi.

Mwezi wa nane alinipigia simu. Goti lake la kushoto lilikuwa limekataa klachi, akasema, na gari amepata wa kumuuzia, mtu wa Masasi, ambaye angekuja kulichukua baada ya wiki tano. Alilisema jambo hilo kwa kupita tu, katikati ya habari za mvua. Mimi nilikata simu nikakaa juu ya tairi, nikakosa raha kabisa. Gari lile likienda Masasi bila kushindwa, nisingepata tena mahali pa kuliwahi. Ningezeeka nikiwa mtu aliyeshindwa na gari la kamba mlangoni.

Ndipo nikafunga turbo, ile pampu ya kuisukumia injini hewa ipate nguvu. Niliitoa kwenye lori lililokufa, nikaisafisha kwa petroli siku mbili, nikachomelea bomba la kuiunganisha, nikaweka na geji yake kwenye dashibodi. Nilijisifu sana. Nyuma ya gari nilimwita mwandishi wa mabango akaandika TURBO kwa herufi nyekundu. Mke wangu alisikiliza injini ikiunguruma akasema limepata kikohozi. Nikamwambia hiyo ni sauti ya nguvu.

Jumamosi ya kwanza tukakutana barabarani. Yeye ishirini na mbili na nusu, kama kawaida yake. Mimi ishirini na sita, na nyuma yangu moshi mweusi uliotanda mpaka mbuzi wakahama. Mtani wangu alikuja amevaa shati la bluu la mikono mirefu, ila mkono wa kulia haukuwepo, ulikuwa umekatwa begani. Nikamuuliza mkono wa shati umekwenda wapi. Akasema hata yeye angependa kujua. Nikajua ni utani tu, pengine anasema turbo yangu itanivua nguo, nikaachana naye.

Wiki hiyo nililaumu hosi. Nilibadilisha zote za mpira, nikakaza klampu mpaka bisibisi ikaniumiza kiganja, nikapaka povu la sabuni kila kiungo kuona kama hewa inavuja. Haikuvuja. Jumamosi ya pili: ishirini na sita. Shati lilelile, limefuliwa na kupigwa pasi, mkono mmoja.

Wiki iliyofuata nililaumu dizeli. Nikabadilisha filta, nikafungua nozeli, nikapigizana kelele na muuza mafuta ambaye hakuwa na kosa lolote. Ishirini na tano na nusu. Ile nusu niliishangilia peke yangu. Kisha nikaanza kulaumu kidole gumba cha mtani, kwamba anaisimamisha saa kwa kuchelewa makusudi. Nikamchukua mke wangu, nikaweka simu yangu kwenye dashibodi, yeye akawa anaibonyeza. Simu mbili zikatoa jibu moja. Mke wangu alicheka njia nzima ya kurudi.

Jumamosi ya nne nililaumu uzito. Nilishusha tairi la akiba, jeki, boksi la spana, kiti cha abiria, na mwishowe mke wangu, ambaye aliniambia wazi kwamba angeshuka hata nisingemwomba. Ishirini na tano. Mtani alinisubiri kwenye jiwe na bega lake moja wazi juani. Tulipokuwa tunarudi mke wangu akasema, "Huyu mtu ana mashati mengine. Kwenye ile harusi ya Nandagala alivaa zuri tu." Nikamjibu kwa ukali kwamba tunazungumzia injini, si mashati.

Hapa lazima nijiseme. Mteja akiingia kwangu na gari linalotoa moshi mweusi, hata hajashuka namwambia, hilo linakosa hewa. Ni somo la siku ya kwanza. Lakini langu nililifungua chujio la hewa mara mbili, nikalikuta safi, jipya, nikalirudisha nikiwa nimeridhika. Hewa nikaitoa kwenye orodha. Na kwa kuwa mimi ndiye fundi, hakukuwa na mtu wa kuniambia niirudishe. Wateja walianza kuniulizia hali ya turbo kwa sauti ya kuulizia mgonjwa. Mmoja alipeleka gari lake gereji ya jirani. Nilisema hewala, lakini iliniuma.

Jumamosi ya mwisho ikafika. Kesho yake mtu wa Masasi angekuja. Mtani alikimbia kwanza, akichechemea kuingia kwenye gari na kuchechemea kutoka, ishirini na mbili na nusu. Nami nikakanyaga mafuta mpaka mguu ukagusa chuma. Ishirini na tano. Nilishuka nikalipiga tairi teke, nikageukia mikorosho nisionekane uso. Nilikuwa karibu kulia, na sioni aibu kuliandika hilo.

Nikangoja maneno yake. Nilipogeuka, mtani wangu alikuwa amevua shati, amebaki na singilendi, na shati amelitandaza juu ya boneti yangu ya moto, mkono wake mmoja ameunyoosha vizuri.

"Mtani," akasema, "mkono wa pili niliuacha kwako mwezi wa sita. Kumbuka tulikuwa wapi."

Tulikuwa Mkotokuyana, kwenye mikorosho yangu, tunapuliza salfa, ile dawa ya unga ya kuzuia ukungu. Mashine ya kupulizia ilikuwa imepakiwa nyuma ya pikapu, mimi naendesha polepole kati ya miti, yeye yuko nyuma anaielekeza. Salfa ilitanda kila mahali, ya njano, mpaka kwenye kope. Nikahofia injini isije ikaimeza. Nikasimamisha gari, nikaomba kitambaa, naye akatoa kisu akakata mkono wa shati lake la kazi. Nikauvisha kwenye mdomo wa bomba linalovuta hewa, kule ndani ya madigadi nyuma ya taa ya kulia, mbele kabisa ya chujio, nikaufunga kwa ukanda wa tyubu. Nikamwambia kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba nikimaliza tu nautoa. Tukamaliza, tukanawa, tukala, nikaendesha nyumbani.

Niliingiza mkono nyuma ya taa. Ulikuwepo. Niliukata ule ukanda, ukatoka mgumu kama ubao kwa salfa na vumbi jekundu, kifungo chake bado kipo mwishoni. Gari langu lilikuwa limevuta pumzi kupitia kitambaa miezi mitatu, na mimi nikaliongezea turbo ili livute zaidi.

"Ulijua," nikamwambia.

Akakubali kwamba Jumamosi ya kwanza alilivaa kama shati la kazi tu, ila alipouona ule moshi akajua. Akasema amevaa jibu wiki tano, amelifua na kulipiga pasi, na kwa fundi mzima kama mimi hakujua afanye nini zaidi. Nilijiandaa kukasirika, lakini akabadilisha sauti.

"Nilitaka ulione mwenyewe. Ila kesho gari linaondoka, na sitaki liondoke na ushindi wa kitambaa."

Nilirudi kwenye jiwe la mwanzo. Nikawasha taa, nikakanyaga. Sindano ya geji, ambayo wiki zote ilikuwa imelala, ilipanda, na kiti kikanisukuma mgongo kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia kwenye gari langu. Moshi hakuna. Mtani aliniletea simu mpaka dirishani: kumi na tisa.

Miaka kumi na moja nilikuwa nimeyatunza maneno ya siku ile. Nilikuwa nayo mengi, mengine nilikuwa nimeyafanyia mazoezi bafuni. Nikamtazama akiwa anafuta kioo cha pikapu yake kwa ule mkono wa shati, anakifuta polepole, pembe kwa pembe. Nikasema tu kwamba gari lake ni zuri. Akaniomba nisimharibie siku.

Jumapili likaondoka. Jumamosi iliyofuata nilikwenda Nambambo peke yangu, nikaweka simu kwenye dashibodi, nikapata kumi na tisa. Nikarudia, kumi na tisa. Mbuzi waliniangalia. Nikampigia simu Ruangwa kumpa habari, akanijibu kwamba bila shahidi haihesabiki, akakata.

Wiki moja baadaye alishuka kwenye bodaboda pale kwenye jiwe, goti limefungwa kitambaa, shati la bluu mwilini. Mkono wa kulia ulikuwa umeshonewa mahali pake. Ulikuwa umefuliwa lakini rangi haikurudi, ulibaki wa njano kutoka begani mpaka kwenye kifungo. Alisimama kwenye jiwe la mwisho akanyanyua simu. Nikawasha taa, nikakanyaga. Geji ilipanda yote, gari liliruka vizuri, na kwa namna usukani ulivyotetemeka nilijua kabisa ni kumi na tisa, labda na pungufu.

Akanionyesha simu. Ishirini na nne.

"Turbo imeanza tena," akasema, kwa huzuni kubwa. Akaanza kunitajia hosi, na filta, na nozeli, moja baada ya nyingine, kama mtu aliyesomea. Nikakitazama kidole chake gumba. Simu yangu ilikuwa mfukoni, na nikaiacha hukohuko. Nikamwambia kweli, nitaanza na hosi, na Jumamosi aje tena aone kama kuna nafuu.