Simu Iliyokataa Kidole cha Mwenyewe

Ukitaka kucheka, cheka tu, nimezoea. Lakini jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, hapa mjini Baraka, tena mchana kweupe, nikiwa na akili zangu zote.

Nilikuwa na kabini ya simu: meza, mwavuli na simu mbili za vitufe nilizowabonyezea wateja. Ilikuwa miaka ya vita, kila mtu akitafuta sauti ya mtu wake. Nami nilijiona fundi, maana vidole vyangu vilijua namba za nusu ya mji.

Basi akaja mwanamume wa makamo, shati la kijani, miguu imejaa vumbi la milimani. Akaweka mezani simu isiyo na kitufe hata kimoja, kioo kitupu. Simu za namna hiyo nilikuwa nazisikia tu. Niamini, nilisahau hata kumsalimu. Nilipoigusa, picha ziliteleza chini ya kidole changu, laini kama unga kwenye ungo. Watu walisema ndani yake mna madini ya mawe ya milima yetu hii, nikajivuna kana kwamba nimeyachimba mimi.

"Mama, kioo hii inakatala kidole yangu," akasema. "Unibonyezee. Bibi yangu, mama ya batoto yangu, iko mu kijiji ya Swima, jina yake iko mule: Mama Riziki. Umwambie atoke na batoto sasa hivi, aende Lweba. Batu ya bunduki beko banashuka."

Je, nilibonyeza? Mwenye akili angebonyeza. Mimi nilitaka kuonyesha ujuzi.

"Papa, vidole iko na vumbi," nikamwambia. "Nawa kwanza."

Nikamletea beseni na sabuni. Alinawa bila kubisha, akajaribu, akanawa tena, akajaribu. Mara tatu. Kioo kimelala tu, nami nacheka. Hapo nikatupia beseni jicho. Maji yalikuwa safi, hata povu hakuna. Mtu aliyetoka kwenye vumbi lile?

Nikalisukuma beseni kando. Nikabonyeza.

Mama Riziki alipokea. Nikamshikia mumewe simu aongee naye. Mimi nilimsikia vizuri, ila mwanamke huko aliita tu, "Allô? Sisikie muntu." Nikairudisha sikioni kwangu, nikamweleza mwenyewe kwamba mumewe yuko kwenye kabini yangu Baraka, na anataka wakimbie. Akakataa.

"Banatudanganyaka hivyo," akasema, "tukimbie, baibe mbuzi yetu."

Na kweli, mchezo huo wa wezi ulikuwapo. Mwanamume akainama, akaninong'oneza, "Umwambie, siku Riziki alizaliwa, nililia mu jikoni. Aliniahidi hataambia muntu."

Nikamwambia. Kisha nikamsikia akiwaita watoto wake, mmoja mmoja, kwa majina. Nilipogeuka nimpe mumewe habari njema, hakuwapo, na simu ameiacha mezani.

Kesho yake Mama Riziki alifika kwangu kutoka Lweba na watoto wanne. Walikuwa hawajafika mbali waliposikia risasi nyuma yao, kule Swima. Alikuja kumshukuru mume wake. Nikamkabidhi simu, akaitambua. Tukiwa bado tunaongea, akaja mwenye pikipiki aliyekuwa amesafiri na mumewe, anamtafuta yeye; watu wa Lweba walimwelekeza kwangu. Habari yake ilikuwa fupi. Walishambuliwa kwenye njia ya Minembwe, kule milimani, alfajiri ya siku ile niliyompigia Mama Riziki simu. Mume alikufa papo hapo, na saa ile alipokuwa akinawa kwenye beseni langu, wenzake walikuwa wamekwisha kumzika na shati lake la kijani.

Tulilia wote watatu. Lakini ndani ya kilio nilimstaajabia mwanamume yule, na hadi leo namheshimu kuliko wengi walio hai. Kifo kilimnyima kidole na sauti ya simuni tu. Miguu alikataa kukiachia.

Sasa simu za kioo ziko mikononi mwa kila mtu, nami ninaziuza, na bado nazipenda. Ila nikimwona mteja anagusa kioo nacho hakimsikii, nambonyezea kabla hajaniomba. Nawe nakuonya: mtu akikuomba umbonyezee, bonyeza, usimtume kunawa. Mama Riziki aliniambia risasi ya kwanza ililia akiwa ndiyo kwanza anavuka nyumba ya mwisho ya kijiji. Ningemrudisha mume wake kwenye sabuni mara ya nne, ningewaua watoto wale kwa kiburi changu.