Eda Ilikwisha, Mama Hakutoka

Baba alifia kazini, Kilindini, alikokuwa karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Asubuhi alikunywa chai, akavaa kofia yake, akatoka. Alasiri walimleta amefunikwa. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho chuoni, na kaka yangu mmoja tu alikuwa ameshakwenda Omani kutafuta riziki.

Mama akakaa eda kama wanavyokaa wajane wote wa Kibokoni, ndani ya nyumba, bila manukato wala nguo za rangi, mpaka muda ukatimia. Siku ya kutoka eda shangazi zangu walikuja wakamwogesha, wakamfukiza udi, wakamfunga leso mpya. Pilau ikapikwa. Kesho yake nilimsubiri mama achukue kikapu aende sokoni kama zamani. Akaniambia niende mimi, yeye atakwenda kesho.

Kesho hiyo haikufika. Mwanzoni hakuna aliyeona ajabu. Majirani walimsifu kuwa ni mwanamke aliyetulia, aliyejua heshima ya mumewe. Mwaka ulipopita sifa zikawa maswali, na maswali yalipokosa jibu yakawa minong'ono, kisha watu wakazoea. Waliomtaka walikuja wenyewe. Harusini nilikwenda mimi, matangani nilikwenda mimi, na alipougua jino daktari aliletwa nyumbani na ami, mdogo wake baba, ambaye tangu msiba ndiye mwenye kauli katika mambo yetu yote. Mama alikuwa mzima. Alipika, alicheka, alisuka mkeka, alijua bei ya samaki kuliko mimi. Ila akifika kwenye kizingiti cha mlango wa mbele miguu yake husimama, na akirudi jikoni huwa kama mtu aliyekumbuka kitu alichokisahau motoni.

Nilipomaliza masomo nikapata kazi chuoni hapohapo, kwenye ofisi ya ratiba. Kazi yenyewe ni kugawa vyumba. Huyu anafundisha saa hii chumba hiki, yule saa ile chumba kile, na mimi ndiye ninayeapizwa madarasa mawili yakikutana mlango mmoja. Kuna mwalimu wa hesabu asiyekubali kabisa vyumba vya chini kwa sababu harufu ya viazi karai kutoka kantini humtoa akilini. Kuna mwingine anayetaka chumba chenye feni inayozunguka polepole. Nawajua wote kwa tabia zao. Watu husema nina bahati, kazi safi, kiti cha kuzunguka, na ni karibu na nyumbani. Ni karibu kweli. Chuo kiko kisiwani, nyumba yetu iko kisiwani, na kuna miezi iliyopita bila mimi kuvuka maji hata mara moja, si kwa kivuko cha Likoni wala kwa daraja la Nyali.

Jioni wenzangu huenda Lighthouse kula mihogo ya kukaanga na kutazama meli. Nilikwenda mara chache. Ukikaa na watu huku roho iko nyumbani, hata pilipili huionji. Nilikuwa nikipita Markiti kuchukua mboga, kisha naingia vichochoro vyetu, na mara nyingi nakuta watalii waliotoka Ngome ya Yesu wamesimama kuupiga picha mlango wetu wa nakshi. Wanasogea kwa adabu, nami nafungua mlango huo wanaousifu, nakuta mama amekaa nyuma yake ananisubiri. Sikuwahi kuona uzuri wa mlango ule. Mpaka leo sijauona.

Kitu kimoja kilikuwa changu, nacho ni keram, ule mchezo wa kusukuma kete ubaoni mpaka ziingie mashimoni. Baba alinifundisha nikiwa mdogo, kwenye ukumbi, Jumapili asipokwenda bandarini. Yeye alikuwa bingwa wa baraza la mtaa, lakini barazani hukaa wanaume, kwa hiyo mimi nilicheza ndani. Alinifundisha kupiga straika, kile kipande kizito cha kusukumia kete, kwa dole gumba badala ya kidole cha shahada, kama walivyocheza makuli wa zamani. Alipokufa niliendelea kucheza peke yangu, pande zote mbili, poda ikinijaa vidoleni, mama akichambua mchele pembeni. Saa hizo sikuwa na ami, sina ratiba, sina swali la majirani kuhusu nitaolewa lini. Kete zilikuwa zikiniitikia.

Chuoni kulikuwa na ubao wa keram kwenye chumba cha mapumziko, na wanaume waliuzunguka kila mchana. Aliyenisukuma nikakae ni mwenzangu mmoja, dada wa Kigiriama anayefanya kazi maktaba, nahodha wa timu ya michezo ya wafanyakazi. Alikuwa ameniona nikitazama. Nilikaa mbele ya dereva mmoja mwenye sifa kubwa, nikamfunga, tena kwa kumchukulia malkia, ile kete nyekundu, mbele ya wenziwe. Yule dereva akakung'uta poda mikononi, akaniangalia bila kinyongo.

"Wewe umefundishwa na mtu wa bandarini," akasema. "Dole gumba hilo nalijua."

Nikaenda kujifungia chooni nikalia, kwa kuwa sikuwa nimemsikia mtu akimtaja baba kwa muda mrefu, hata kama hakujua amemtaja.

Mwaka huo vyuo vya pwani vilikuwa vimeshikilia mpaka keram ikaingizwa kwenye mashindano ya wafanyakazi wa vyuo, yaliyokuwa yafanyike bara. Nahodha akaniambia nimechaguliwa. Timu ingeondoka kwa treni ya asubuhi na kurudi baada ya siku chache. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikitembea kama niliyeazimwa miguu ya mtu mwingine.

Ami alipokuja baada ya Magharibi nilimbusu mkono, nikamweleza. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza nani mwingine anakwenda, tutalala wapi, nani mkubwa wa msafara. Kisha akasema mchezo si haramu na bara si mbali, lakini msichana wa nyumba yake hatalala ugenini bila mtu wa nyumbani. Kaka yangu alikuwa Omani. Mkewe ami alikuwa na mtoto mchanga. Alihesabu jamaa mmoja mmoja kwa sauti, akawaona wote wana udhuru, na kila jina lilipoanguka niliona kama mtu anafunga dirisha.

Mama alikuwa amekaa na kahawa yake.

"'Takwenda mimi," akasema.

Ami aligeuka kumtazama. Mimi sikuthubutu kumtazama. Hatukumuuliza kama ana hakika, wala hatukumkumbusha lolote. Ami akasema inshallah, akamaliza kahawa, akaondoka upesi, kama aliyeogopa kuharibu.

Wiki zilizofuata mama alijiandaa kuliko mimi. Alitoa viatu vyake sandukuni, akakuta soli zimebanduka na kupukutika zenyewe kwa kukaa bila kuguswa. Nikamnunulia vipya, akavizoeza kwa kuvivaa jikoni. Jioni nilimsikia akitembea ukumbini, kutoka ukuta mpaka ukuta, viatu vikigonga sakafu. Alikaanga kachri za viazi za kula njiani, akaniuliza kama huko bara baridi inaingia mifupani. Tulicheka sana siku zile. Nafikiri sijawahi kumpenda kama nilivyompenda akiwa amevaa viatu vipya anakoroga mchuzi.

Asubuhi ya safari nilileta tuktuk mpaka pale kichochoro kinapopanuka. Mama alivaa buibui, akanishika kifundo cha mkono, akasoma dua, akavuka kizingiti. Alivuka. Nilisikia kucha zake zikiingia kwenye ngozi yangu, lakini alivuka, na jirani aliyekuwa akifagia mbele ya mlango wake akaacha ufagio, akainamisha kichwa asimtazame, akamwamkia tu kana kwamba walionana jana.

Ndani ya tuktuk alichungulia nje kama mgeni. Akauliza nani aliyeupaka mji rangi nyeupe na buluu. Nikamwambia ni amri, majengo yote. Akasema basi mji umepambwa yeye hayupo. Pale Makupa, alipopajua kwa barabara ya mawe juu ya maji, akakuta daraja jipya refu, na bahari inapita chini. Alifumba macho mpaka tukafika upande wa pili. Nilimwambia tumevuka, naye akasema alhamdulillahi kwa sauti ya mtu anayefungua saumu.

Stesheni ya Miritini ndiyo iliyotushinda. Tulipanga mizigo chini kwenye mstari, tukaambiwa turudi nyuma, na askari wakapitisha mbwa wa kunusa. Mama alinibana. Kisha ule ukumbi mkubwa, dari liko juu kama la uwanja, watu wengi, sauti inatangaza kutoka kila upande. Tukakaa kwenye viti. Nahodha alikuja akamwamkia kwa heshima, akamwita mama, akamfungulia maji. Wenzangu walikuwa wamevaa fulana za timu. Yangu ilikuwa mfukoni, nilitaka kuivaa tukishapanda.

"Kifua kimenibana," mama akasema.

Nilimpepea kwa tiketi. Midomo yake ilikuwa imekauka na mikono imekuwa baridi katika joto lile. Tulitangaziwa tupande. Nahodha akasema kaka yake anafanya kazi karibu na pale, anaweza kuja kumchukua mama amfikishe nyumbani, mimi nisiwe na shaka.

"Nenda, mwanangu," mama akasema. "Mimi nitarudi na huyo kijana. Nenda."

Alisema vizuri, kwa sauti thabiti. Lakini mkono wake haukuniachia. Nilijaribu kuutoa polepole, kidole kimoja baada ya kingine, na nilipofika cha tatu nikaona ananitazama jinsi ninavyovitoa. Nikaacha. Nahodha alielewa kabla sijasema. Alinikumbatia, akakimbia kuwahi, na mimi nikabaki nikiangalia mgongo wa fulana yake mpaka ngazi ikammeza.

Tukarudi na tuktuk nyingine. Nyumbani mama alivua viatu, akalala, na mimi nikakaa ukumbini na begi langu halijafunguliwa.

Ami alikuja baada ya Alasiri. Nilimngoja kwa hamu mbaya. Nilitaka aseme ni kheri, Mungu hakupenda, ili nimchukie kwa amani. Alikaa, akavua kofia, akajikuna kichwa.

"Kwa nini hukwenda?" akaniuliza. "Ungenipigia simu nikaja kumchukua mimi."

"Wewe ndiye uliyekataa, ami."

"Nilikataa wewe kutoka hapa peke yako. Ushafika Miritini, wenzako wako, yule bibi wa maktaba yuko. Ungekwenda, mwanangu. Ningesema kidogo, kisha ningenyamaza."

Miaka yote nilikuwa nimemfanya yeye ndiye kufuli, na siku ile akanifungulia mikono nione hana ufunguo wowote. Alipoondoka nilibaki na hasira isiyokuwa na pa kwenda. Ilimwendea mama. Kwa muda nilimpikia, nikamwamkia, nikamjibu, basi. Keram niliisimamisha ukutani, uso umegeuka.

Yeye ndiye aliyeilaza tena. Nilirudi kutoka kazini siku moja nikakuta ubao umewekwa katikati ya ukumbi, kete zimepangwa, poda imenyunyizwa kwa mkono usiojua kipimo. Akakaa upande wa pili. Hajawahi kucheza maishani mwake. Alipiga straika ikaruka nje ya ubao, nikaenda kuiokota chini ya kabati, na nilipoinuka akawa anazungumza, macho kwenye kete.

"Mimi siogopi huko nje," akasema. "Naogopa kurudi. Kila nikifika mlangoni naona kama nitakaporudi sitamkuta mtu."

"Na mimi je?" nikamuuliza.

"Wewe kila siku unarudi."

Sikujua kama amenisifu au amenihukumu, na nadhani hata yeye hakujua. Nilimwonyesha namna ya kuweka dole gumba.

Tangu siku zile mama ameanza kutoka. Kwanza mpaka barazani asubuhi mapema, kabla watu hawajajaa. Kisha mpaka nyumba ya jirani. Sasa tunafika hata soko la samaki, na wauzaji wamemkumbuka, wanamuuliza alikuwa safari gani. Watu wananipongeza, wanasema nimemtoa mama, radhi zake zitanitosha. Nami naitikia amina. Lakini hatoki bila kifundo cha mkono wangu. Zamani nilipokwenda sokoni nilikwenda peke yangu. Njia ile ilikuwa ndefu na ilikuwa yangu. Leo naivuka hatua moja moja, nikisimama kila anaposimama, nikibeba kikapu kwa mkono mmoja kwa sababu wa pili una mwenyewe.

Mashindano ya mwaka huu yatakuwa bara tena. Nahodha alinikuta ofisini nikitafutia chumba darasa la watu wengi, akaniuliza kama aniweke. Nikamwambia aniweke. Akauliza nyumbani wanasemaje. Nikamwambia nyumbani hakuna anayenikataza, na huo ndio ugumu wake.

Jioni hiyo tulikwenda soko la samaki kununua changu. Mama alichagua samaki kwa kumfunua mashavu, akabishana na muuzaji, akashinda, akafurahi kama mtoto. Nilisema kwamba kuna safari. Alikuwa akimtazama samaki akifungwa gazetini.

"Utaondoka lini?" akauliza.

Nikamwambia siku. Akatikisa kichwa kukubali, akachukua kifurushi, na kwa mkono wake mwingine akanishika, tukaanza kurudi.