Video za Mama wa Maharage

Vita vilipoingia mijini kule Kivu ya Kaskazini, jirani yetu hapa mtaani Kasungami, mama mzaliwa wa huko Kivu aliyeuza maharage kwa jumla, alipoteza habari za mwanawe. Kijana huyo aliendesha lori la mama yake, na alikuwa amekwenda huko kuchukua maharage. Kila siku video za maiti ziliingia kwenye simu ya mama, katika kundi la wafanyabiashara wa kwao, ili watu watambue ndugu zao. Mama haoni vizuri vitu vya karibu. Kwetu, mkubwa akishindwa na simu, anamwita mtoto. Alimwita mdogo wangu wa kike, ambaye bado hajamaliza shule ya msingi.

Nilimkuta amekaa juu ya gunia, akisema kwa sauti ile ile anayosomea masomo yake: "Huyu hapana, Mama. Huyu naye hapana."

Mimi jambo siliachi mpaka nihakikishe nimelifanya sawasawa. Shule niliiacha katikati. Kifaransa cha sheria nilijifunza mwenyewe. Nilisoma sheria ya mambo ya mtandao, nikirudia kifungu kimoja kwa hofu ya kukielewa vibaya. Iliahidi kuwalinda watoto. Ilimtafuta anayesambaza uovu. Mama anayemtafuta mwanawe, sikuona mahali ilipomfikiria. Hata hivyo nilimwendea, maneno nimeyapanga kichwani.

"Mama, sheria inakataza mutoto kuangalia bintu kama hii."

"Sheria?" Alikuwa akichambua maharage, hakuinua uso. "Iko wapi? Ikuye basi, itafute mutoto yangu."

"Mudogo yangu halalake tena, Mama. Anaogopa hata kwenda choo."

Mikono yake ikasimama. "Hakuniambia."

"Angekuambia namna gani? Weye iko mukubwa."

"Mi macho yangu inaonaka maharage tu," alisema, akijaribu kucheka. Kisha akapangusa simu kwa kitenge chake, akanipa. "Basi angalia weye, avoka wa sheria."

Jibu hilo sikuwa nimelipanga. Mimi damu ya kuku tu inanitetemesha. Niliipokea simu.

Mdogo wangu alikuwa mlangoni. "Yaya, usianze na sura," aliniambia; kwetu yaya ni ndugu mkubwa. "Anza na biatu. Ya mutoto ya Mama iko ya njano."

Nikamwambia aende akacheze. Hakwenda mbali. Nilipofungua video ya kwanza, alikuwa amegeukia ukuta, ameziba masikio kwa vidole. Nikazima sauti, nikaendelea kuangalia.