Mwaka Msitu Ulipotujengea Darasa

Katika miaka ya tisini nilikuwa bwana misitu wilayani Mpanda, wakati ule tukiwa bado chini ya mkoa wa Rukwa. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, na mali yangu yote ilikuwa chumba kimoja cha kupanga mtaa wa Kawajense, baiskeli ya ofisi na sare ya kijani iliyonifanya nisipendwe na mtu. Kazi yangu ilikuwa kuzungukia vijiji vilivyopakana na msitu wa hifadhi, kukagua vibali, na kukamata mbao za mninga zilizopasuliwa kwa wizi. Kila nilipoingia kijijini, watu walikumbuka kuwa wana shughuli mahali pengine.

Kijiji ninachokisimulia kilikuwa mbele ya Misunkumilo, mwendo wa nusu siku kwa baiskeli kutoka mjini. Nilikuwa nimeshaaibika huko mara mbili. Mara ya kwanza nilimkuta bibi mmoja wa Kikonongo ameketi juu ya rundo la mbao, ametandaza khanga na kuanika mihogo juu yake. Nilimwamkia, akaitikia vizuri. Nilipomwomba asimame, akasema miguu inamuuma. Nikakaa naye karibu saa nzima, akanilisha mihogo ya kuchemsha, nikaondoka bila mbao. Hilo sikuliandika kwenye ripoti.

Mara ya pili nilisikia msumeno porini, nikanyata hadi kwenye shimo la kupasulia. Wapasuaji walikuwa wawili. Mmoja alitokomea mara moja, wa pili nikamfukuza hadi mtoni. Yeye aliruka akavuka. Mimi nilitumbukia, sare, buti na daftari. Nilimwona mgongo tu. Kesho yake tulirudi na lori, tukazichukua mbao zake zote, tukazipanga kwenye ua wa ofisi mjini. Kwenye kitabu niliandika: mwenye mbao hakupatikana.

Basi siku moja bosi wangu akaniita ofisini. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye kupenda chai ya tangawizi kuliko maneno.

"Kijana," aliniambia, "safari hii unapeleka neema."

Akanieleza. Halmashauri ilikuwa inapokea fedha zitokanazo na msitu, yaani ada za vibali vya kuvuna magogo na sehemu ya malipo ya wawindaji waliokodi kitalu cha uwindaji. Madiwani walikuwa wamekubaliana kwamba fungu lake lirudi kwa vijiji vinavyoishi na msitu huo, kila kijiji kipate kitu kimoja. Mkutano wa kijiji uchague wenyewe. Wanakijiji watoe nguvu zao, halmashauri itanunua vifaa vya dukani. Kijiji kitakachoshindwa kuelewana kitasubiri hadi mwaka mwingine.

Nilipanda baiskeli nikiimba. Kwa mara ya kwanza nilikuwa naenda kutoa, siendi kuchukua.

Nilipofika, kijiji kilikuwa kitupu. Majiko yalikuwa yanafuka moshi, kuku wanadonoa, lakini watu hamna. Nilikaa kwenye ngazi ya ofisi ya kijiji hadi jua likapinda. Mwishowe mwenyekiti akatokea nyuma ya shamba la mahindi, anajipangusa magoti.

"Bwana misitu, leo umekuja na nini? Pingu au risiti?"

"Nimekuja na fedha, mwenyekiti."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgonjwa wa homa. "Ngoja nikuletee maji ya kunywa," alisema.

Nilimsomea barua mara mbili. Aliichukua, akaigeuza, akaangalia muhuri, akanirudishia. Halafu akanipa shauri ambalo sikulisahau. "Jumamosi nitaitisha mkutano. Lakini wewe usije na hayo manguo. Njoo kama mtu."

Jumamosi nilikwenda na shati la kitenge la jirani yangu. Watu walikuja wengi kuliko nilivyotegemea. Tulikutana ndani ya darasa la shule yao, banda la udongo na paa la nyasi, watoto wake wakikalia magogo. Walioenea ndani waliingia, wengine wakachungulia madirishani.

Nilipomaliza kueleza, mzee mmoja akanyanyua mkono. "Hiyo fedha tugawane tu, kila kaya ichukue chake!" Akapigiwa makofi makubwa. Nikaeleza kwamba haiwezekani. Wakacheka, wakasema basi angalau walijaribu.

Ndipo mambo yakawa magumu. Wasukuma waliohamia na ng'ombe zao kutoka kaskazini walitaka josho la kuogeshea mifugo. Msemaji wao alikuwa mfugaji mrefu mwenye fimbo nyeusi. "Sisi mifugo inakufa kwa kupe," alisema. "Na ng'ombe zikifa, hata nyie hamnywi maziwa." Wenyeji wa Kikonongo na Kibende walitaka darasa. "Nyie mmekuja juzi," mmoja akamjibu mfugaji, "na msitu huu tumeulinda sisi." Mfugaji akauliza wameulinda namna gani ilhali mbao zinatoka kila wiki. Wote wakanitazama. Mimi nikatazama kalamu yangu.

Walibishana hadi sauti zikakauka. Mwenyekiti alipigisha kura ya mikono mara mbili, na mara zote mbili hakuna aliyekubali matokeo. Nilianza kukunja karatasi zangu. Niliwaza jinsi nitakavyomwambia bosi kwamba nimepeleka neema na imekataliwa.

Nyuma kabisa, kwenye upande wa akina mama, mwanamke mmoja akasimama. Alikuwa mke wa yule mfugaji mwenye fimbo. Wenzake walimwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Aliomba ruhusa kwa mwenyekiti, kisha akamgeukia mume wake.

"Baba, yule ndama mweupe alikufa na nini?"

Mfugaji akaanza kuchokoa sakafu kwa fimbo yake.

"Sema tu, Baba. Hapa hamna mgeni."

"Dawa," mume alisema kwa sauti ndogo.

Mayu akatugeukia sisi. "Tulinunua dawa ya kupe mjini. Chupa imeandikwa changanya na maji kiasi gani. Sasa nani asome? Mimi sijui, yeye hajui, watoto saba hawajui, maana mvua ikinyesha shule hii haikaliki. Tukamimina kwa macho. Kupe zilikufa, na ndama naye akafa." Watu wakaanza kucheka, naye akacheka nao. "Mkitujengea josho leo, tutaziua ng'ombe zote kwa siku moja! Jengeni darasa kwanza. Josho litakuja likute watu wanaosoma."

Kicheko kilichofuata kilitikisa nyasi za paa. Nilimtazama mfugaji, nikihofia amekasirika. Alikuwa ameinamisha uso juu ya fimbo yake, mabega yanatetemeka. Alipoinua kichwa, machozi ya kucheka yalikuwa yanamtoka. "Mke wangu amenimaliza," alisema. "Andika darasa."

Mikono iliyonyooshwa sikuihesabu. Hakukuwa na haja. Niliandika darasa.

Lakini mwalimu mkuu, mtu makini asiyependa kufurahi kabla ya wakati, akauliza swali moja. Fedha ile ingetosha mabati, saruji na misumari. Mbao za kenchi za kubeba paa je? Na madawati? Tulipiga mahesabu ya haraka, tukaona mbao hazimo.

Kisha jamaa mmoja mwenye kifua kipana, aliyekuwa amesimama dirishani muda wote, akaingiza kichwa.

"Bwana misitu, samahani. Zile mbao za mninga mlizozichukua kule mtoni, bado zipo?"

"Zipo," nilijibu. "Ziko kwenye ua wa ofisi." Halafu akili ikanijia. "Kwani wewe umezijuaje?"

Darasa zima lilipasuka. Bibi wa mihogo, ambaye sikuwa nimemwona, alikuwa anapiga mapaja kwa kucheka. Jamaa alibaki dirishani na mdomo wazi, na nikamwona anapima umbali wa kufika porini. Nilikuwa na sekunde chache za kuamua mimi ni nani siku ile.

"Mwenye mbao zile hakupatikana," nilisema kwa sauti, nikiwa nimetazama ukuta. "Imeandikwa kitabuni. Nitaomba kijiji kipewe."

Haikuwa rahisi kama nilivyoahidi. Mbao zilizokamatwa zilitakiwa kuuzwa kwa mnada. Bosi alisikiliza ombi langu akinywa chai hadi kikombe kikaisha. "Andika barua," alisema. Niliandika. Ikarudi, imekosa muhtasari wa mkutano. Nikapanda baiskeli kuufuata. Ikarudi tena, imekosa saini ya diwani. Nikamfuata diwani hadi kwenye harusi ya binti yake, akasaini juu ya mgongo wa mpiga ngoma. Wiki zikapita, na kila nilipokwenda kijijini sikuwa na jibu. Ila watu walikuwa hawanikimbii tena. Walikuwa wameanza kufyatua matofali bila kuningoja.

Kibali kilipotoka, sikusubiri kesho. Lori la halmashauri lilipakia mbao, mabati na saruji, nami nikakaa juu ya mzigo. Tuliingia kijijini wakati watoto wanatoka shule. Walitukimbilia wakipiga kelele, na akina mama wakaanza vigelegele kutoka mashambani, mmoja akimpokeza mwingine, hadi nikashindwa kujua vinatoka upande gani.

Yule jamaa wa dirishani ndiye aliyekuja kushusha mbao. Kumbe alikuwa fundi hodari kuliko wote eneo lile. Alipitisha kiganja kwenye mbao moja baada ya nyingine.

"Hii tulipasua asubuhi," aliniambia. "Angalia mstari ulivyonyooka. Hii ni jioni, mwenzangu alishachoka." Akasita, akanitupia jicho. "Pole kwa kule mtoni. Niliposikia kishindo nilitaka kurudi nikutoe, nikaona maji yenyewe yanakufika magotini."

"Yalinifika kiunoni," nilisema.

"Ulikuwa umekaa," alinijibu.

Sikumbuki kama nimewahi kucheka namna ile tena.

Ujenzi ulichukua kiangazi chote. Mfugaji alileta mikokoteni yake ya ng'ombe, akabeba mchanga kutoka mtoni hadi magurudumu yakapinda. Wakonongo walichoma tanuru la matofali. Akina mama walibeba maji kichwani wakiimba nyimbo za kuwasema wanaume wavivu, na mimi nilikuwamo kwenye ubeti mmoja. Kila nilipopata siku ya mapumziko nilikuwa huko, nasogeza matofali, viganja vimechubuka. Fundi alinifundisha kupiga randa. Nami nilimsaidia kujaza fomu ya kuomba kibali halali cha kupasua mbao, nikaipeleka mwenyewe mjini, ikakubaliwa.

Siku ya kufungua darasa, mgeni rasmi alichelewa kwa sababu gari lilipasuka tairi njiani. Wali ulikuwa unapoa. Mwenyekiti alishauriana na wazee, wakaamua mgeni akija atakuta ngoma, tuanze kula. Alipofika, vumbi hadi kwenye nyusi, kilichobaki kilikuwa asali na ukoko. Alikula vyote viwili, akasema hajawahi kualikwa mahali pazuri hivyo.

Mvua ya kwanza ilinikuta kijijini. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa darasa, mwalimu mkuu anafundisha majira ya mwaka. Lilianza tone moja juu ya bati, watoto wakainua macho. La pili. Kisha ikashuka yote kwa pamoja, ngurumo ambayo hakuna aliyekuwa amewahi kuisikia akiwa ndani, maana nyasi hunyamaza mvua ikinyesha. Watoto walipiga mayowe. Wengine walijifunika masikio, wengine wakapanda juu ya madawati, mikono juu, kama wanaotaka kulishika lile bati. Mwalimu alifungua mdomo akasema kitu. Tuliona midomo tu. Akajaribu tena, akaacha, akaweka chaki mezani.

Mtu yule makini asiyependa kufurahi kabla ya wakati alikaa kwenye dawati la mbele, kati ya wasichana wawili, akaegemeza mgongo na kutazama paa. Nikaingia nikakaa naye. Hakuna aliyelowa.