Radhi ya Kuvuka

Mwezi uliopita nilikuwa Kidichi, nimekaa kwenye baraza ya duka nikingoja mvua ipungue, wakapita watalii sita juu ya baiskeli. Walivaa kofia ngumu, wanapandisha kilima huku wanacheka, na mbele yao kijana mmoja wa hapa akiwaonyesha mikarafuu. Mwenye duka akanambia siku hizi wageni hulipa ili watoke jasho. Alitaka nami nicheke. Sikuweza. Kilima kile nilikipanda nikiwa na miaka kumi, nimekaa kwenye keria ya baiskeli ya baba yangu.

Ilikuwa miaka ile ya baada ya Mapinduzi. Kama ulikuwapo mjini unakumbuka: foleni ya mchele kabla jua halijatoka, watu wazima wakipunguza sauti mtoto akiingia, na nyumba ambayo asubuhi moja unaikuta imefungwa, jirani akikwambia wenyewe wamekwenda shamba. Hakuna aliyeuliza shamba gani. Kuondoka kisiwani kulitaka ruhusa, na ruhusa haikuwa ikipatikana.

Baba alikuwa fundi wa kushona kanzu. Chumba chake cha kazi kilikuwa chini ya nyumba yetu, mtaa wa Malindi, na mlio wa charahani yake ndio niliozoea kuamka nao. Kisha vitambaa vikaadimika. Charahani ikawa inakaa siku nzima imefunikwa shuka, na Baba amekaa pembeni yake akisugua kidole chake cha shahada, kile kilichokuwa kigumu kwa kuchomwa na sindano. Siku moja nilirudi kutoka skuli nikamkuta hamali anaifunga kwenye mkokoteni. Baba akanambia inakwenda kwa fundi.

Siku chache baadaye akasema mimi na yeye tutakwenda kutembea kwa baiskeli, tupite mashamba yote ya vilimani mpaka kwa Bibi, Donge. Sikulala kwa furaha. Mama alikunja kanga kuukuu mara nne akaitandika kwenye keria, akatufungia mikate ya kumimina, akanishika kidevu akanitazama. Hakunambia nisiseme kitu. Hakuna aliyenambia kwamba kulikuwa na kitu cha kuficha.

Tulianzia Mtoni, kwa shangazi yangu. Alitupa chai ya mchaichai isiyo na sukari, na tulipokwisha kunywa Baba akamshika mkono akamwomba radhi kwa yote aliyomkosea. Wewe unaijua desturi hii: Shaabani ikifikia mwisho watu huendeana, jamaa kwa jamaa na jirani kwa jirani, wakasameheana, ili saumu iwakute na moyo mweupe. Lakini hufanywa mwishoni, siku ya vunja jungu, watu wanapokula na kushiba kwa mara ya mwisho mchana. Siku ile Shaabani haijafika hata kumi.

"Kaka, mwaka huu unafunga peke yako?" shangazi akamuuliza. "Au mwezi umeuona dirishani kwako?"

Baba alicheka akasema binadamu hajui lini ataitwa, heri kuwahi. Shangazi naye akacheka, akasamehe, akaomba asamehewe. Alitusindikiza mpaka barabarani akaushika usukani wa baiskeli kama anayetaka kusema neno, kisha akauachia.

Baada ya Bububu tukaacha barabara kubwa tukaanza kupanda. Baba alikanyaga mpaka pumzi zikawa zinapiga filimbi, kisha akashuka akawa anaisukuma, mimi nimekaa juu kama biharusi. Huko juu upepo ulikuwa baridi, na njia nzima ilinukia karafuu zilizoanikwa. Hapakuwa na gari. Tulisikia mnyororo wa baiskeli, na mahali mbali mtu anakata kuni. Kila mti Baba aliutaja: mdalasini, mkungumanga, mshelisheli, mduriani. Alibandua ganda la mdalasini akanipa nitafune, akanambia nitaje miti yote tangu mwanzo. Nikikosea anasema, "Sema tena." Nilidhani ananipima kama mwalimu. Sasa najua alitaka mtu mmoja wa kwake abaki anaikumbuka miti ile.

Kizimbani alikuwapo rafiki yake wa utotoni. Walikuwa hawasemezani tangu kabla ya Mapinduzi, kwa mambo ya vyama, wakati ule mambo hayo yalipotenganisha hata waliozaliwa tumbo moja. Tulimkuta anageuza karafuu kwenye jamvi kwa mguu, taratibu, na hakusimama tulipotoa salamu. Baba akasema lililomleta. Yule bwana akaendelea kugeuza karafuu mpaka mwisho wa jamvi, akarudi, akasema, "Nshakusamehe. Nenda salama." Nilimwona Baba akishtuka. Hakuwa amesema kwamba anakwenda popote. Tulipoondoka alikanyaga kwa haraka hata kwenye kilima, na hakutaja mti mwingine.

Tulifika Donge adhuhuri imeshapita. Nikampa Bibi shikamoo yake, akaniitikia marahaba akaninusa kichwani, kisha akarudi kwenye mbuzi yake akaendelea kukuna nazi. Tulikula mihogo ya nazi kwa ng'onda, na Bibi alinipa kipande kikubwa cha samaki akasema watu wa mjini tumekonda kama mishumaa. Baada ya sala ya alasiri Baba akasogea mkekani karibu naye, akamshika mkono.

"Mama, naomba radhi yako. Kwa niliyokukosea nikijua, na niliyokukosea bila ya kujua."

Bibi hakuuondoa mkono. Kwa ule mwingine akahesabu kwa kidole gumba juu ya pingili za vidole, kimya kimya, mpaka akafika. "Leo mwezi tisa Shaabani," akasema. Akanigeukia mimi, kwa sauti ya mchezo.

"Mjukuu wangu, charahani ya babaako inalia siku hizi?"

"Haipo, Bibi. Kaichukua hamali, iko kwa fundi."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki iliyopita. Na mkasi pia umekwenda."

Nilisema kwa kujivuna, kama mtoto anayejua habari za nyumbani kwao. Bibi akamtazama mwanawe. "Na mkasi nao umeharibika?"

Kuku walikuwa wakiparua nje, na nakumbuka niliwasikiliza kwa sababu nilijua nimefanya jambo, sikujua jambo gani. Kisha Baba akasema, kwa sauti ndogo, kwamba anakwenda Mombasa, akipata pa kukaa atatuita mimi na Mama, kisha atamwita na yeye.

"Kakaako naye alisema atatuita," Bibi akasema. Ami yangu huyo aliondoka mwaka wa Mapinduzi, na kwa miaka yote ile ilikuja barua moja. Bibi hakujua kusoma, lakini aliiweka ndani ya msahafu.

"Mama, mjini hakuna kazi."

"Utalima."

"Sijui kulima."

"Utajua." Akamshika Baba mkono kwa mikono yake miwili. "Radhi ya kufunga nakupa. Kwa yote uliyonikosea nshakusamehe, na mimi nisamehe. Radhi ya kuvuka sikupi."

Baba aliinamisha kichwa. Angeweza kuinuka akaenda zake, alikuwa mtu mzima mwenye mke na mtoto. Lakini kwetu mtu huvunja amri ya serikali akalala usingizi. Akiikosa radhi ya mama halali. Hilo ndilo lililomleta mpaka Donge juu ya baiskeli, na hilo ndilo lililomfunga.

Kesho yake asubuhi tulirudi kwa barabara kubwa. Vilima tukaviacha upande wa kushoto. Mama alipotufungulia mlango alimtazama Baba usoni mara moja, akaenda jikoni akabandika maji mekoni.

Miaka mingi baadaye Mama ndiye aliyenieleza kwamba chombo ambacho Baba alikwisha kukilipia kwa pesa za charahani kiliondoka Ijumaa iliyofuata na watu wa mtaani kwetu, na wote walifika salama. Baadhi yao wakasomesha watoto, wakajenga. Baba akawa anashona kwa charahani za watu, Mchangani, sare za skuli, amekaa miongoni mwa vijana aliowafundisha kazi mwenyewe. Hakunilaumu hata siku moja. Kila Shaabani nilimwomba radhi, naye kila Shaabani alinisamehe, na siku ile ya Donge hatukuitaja.

Nilikuwa kidato cha pili Bibi alipoumwa ugonjwa wake wa mwisho. Tulikuwa sote chumbani. Alimwita Baba, akamwambia, "Ile radhi uliyoiomba, nakupa. Nenda."

Baba alikuwa ameshika kikombe cha maji. "Nende wapi tena, Mama?" akasema, akamwinua kichwa akamnywesha.

Nyumba ile ya Donge haipo. Rafiki wa Kizimbani amekufa, na mwanawe ameweka kibao cha kuwakaribisha wageni waje kunusa viungo. Radhi zenyewe siku hizi huja kwa simu, ujumbe mmoja umetumwa kwa watu wote, na ukiupokea huwezi kujua kama aliyeutuma amekaa kwake au ameshafunga mizigo. Mimi nami nimefunga mizigo mara nyingi: Tanga, Mombasa, Daresalama, Maskati. Sijakaa mji mmoja zaidi ya miaka mitatu. Watu huniuliza natafuta nini, nami hujibu mzaha wowote unaonijia.

Safari ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilimfuata Baba Mchangani kazini, nikakaa kwenye kigoda mbele yake. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu alfajiri. Nikasema, "Baba, naomba radhi yako," na kabla sijafika kwenye kuvuka, alikwisha kunipa.