Wasifu wa Kaka Yangu

Kaka yangu alikuwa manju, mtunzi na kiongozi wa ngoma, na miaka ya mwisho watu walimjua zaidi kwenye simu kuliko uwanjani. Siku chache kabla hajafa aliniambia, "Ugonjwa wangu usiusome kaburini." Nikamwahidi.

Kwetu Somanda wasifu wa marehemu lazima usomwe, na watu wengi husubiri mstari mmoja tu: aliugua nini. Baba mdogo alinishauri niandike presha, kwa kuwa presha haimwaibishi mtu. Nikamwambia kaka hakuwa na presha. Akauliza kwani nani atampima sasa.

Bwana mmoja wa ukurasa wa udaku alisimamisha simu yake katikati ya mikeka, akarusha mazishi moja kwa moja. Waombolezaji waliokuwa hatua kumi kutoka kaburini waliyatazama kwenye simu. Shangazi, aliyekaa karibu nami, alilia, akaangalia simu kuona amelia vipi, akalia tena.

Nilisoma alikozaliwa, nyimbo zake na watoto wake. Mwisho nikasoma, "Aliugua, tukamuuguza, amefariki." Nikakunja karatasi.

Yule bwana alinifuata. "Pole sana, dada. Mashabiki wanauliza alikuwa anaumwa nini."

"Najua alichoumwa," nikamjibu. "Sikwambii."

Chakula cha msibani hakijaiva, ukurasa ukaandika kwamba dada anaficha jambo. Jioni jambo lenyewe likawa jeneza tupu. Kesho yake ukurasa ukasema kaka yuko Lamadi, kule ziwani, anauza sangara, amewakimbia wapinzani wake wa ngoma. Wanaume waliobeba jeneza wakaanza kukumbuka kwamba lilikuwa jepesi. Mmoja alisema bega lake halikumuuma hata kidogo.

Tulipomaliza matanga, shangazi, aliyetupa udongo kaburini kwa mkono wake mwenyewe, alinivuta pembeni.

"Ukienda kumwona," akasema taratibu, "mwambie nywele nilizonyoa kwa ajili yake bado hazijaota."

Tangu hapo hakuna aliyeniuliza ugonjwa. Wananiuliza habari za Lamadi, nami nawajibu ukweli, kwamba kaka amelala nyuma ya nyumba yetu. Hawaniamini. Uongo wa yule bwana umenitunzia ahadi yangu, na sioni haya kusema kwamba nilipumua.

Ila siku nikishuka Lamadi kununua dagaa, hupita kwanza kwa wauza sangara, nikawatazama nyuso mmoja mmoja.